Esfir Shub

Esfir Ilyinichna Shub (16 Machi 1894 – 21 Septemba 1959) alikuwa mhariri na mwongozaji wa filamu wa Umoja wa Kisovyeti. Anajulikana hasa kwa filamu alizotengeneza kutokana na picha za zamani zilizopigwa na watu wengine: alizitafuta maghalani, akazichagua, akazikata na kuziunganisha upya. Filamu yake "Kuanguka kwa Nasaba ya Romanov" ya mwaka 1927 huhesabiwa kuwa miongoni mwa kazi kubwa za mwanzo za aina hiyo duniani.

Shub alifanya kazi wakati ambapo waongozaji mashuhuri wa nchi yake walikuwa karibu wote wanaume, huku wanawake wengi wa studio wakiachiwa meza za kukatia na kugundishia mikanda. Kutoka kwenye meza hiyo alizua aina mpya ya filamu. Hata hivyo, kwa muda mrefu ilibidi adai kutambuliwa kuwa mtunzi, kwa sababu wakuu wake waliona kwamba mtu anayepanga picha za wengine hajatunga kitu.

Maisha ya awali

Shub alizaliwa Surazh, mji mdogo uliokuwa katika jimbo la Chernigov la Milki ya Urusi. Leo mji huo uko katika mkoa wa Bryansk nchini Urusi. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Akiwa kijana alikwenda Moscow kusoma fasihi katika taasisi ya elimu ya juu ya wanawake. Alikuwa bado kijana yalipotokea mapinduzi mawili ya mwaka 1917: yale ya Februari yaliyomwondoa Tsar Nikolai II, na yale ya Oktoba yaliyowapa Wabolsheviki madaraka.

Baada ya mapinduzi alipata kazi katika idara ya maigizo ya kamisarieti ya elimu, yaani wizara ya elimu ya serikali mpya. Huko alifanya kazi pamoja na mwongozaji wa maigizo Vsevolod Meyerhold, akafahamiana na mshairi Vladimir Mayakovsky. Aliolewa na Aleksei Gan, mmoja wa viongozi wa harakati ya sanaa iliyoitwa ukonstruktivisti. Wafuasi wa harakati hiyo walitaka msanii aache kupamba na badala yake ajenge vitu vyenye manufaa, kama afanyavyo mhandisi. Fikra hizo zilimsaidia Shub baadaye: naye aliitazama filamu kama kitu kinachojengwa kwa vipande vilivyopo.

Kazi ya uhariri

Mwaka 1922 Shub aliajiriwa na Goskino, shirika la filamu la serikali. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mikanda mipya ya kupigia picha ilikuwa adimu. Sinema zilitegemea sana filamu kutoka Ujerumani, Marekani na Ufaransa. Kazi ya Shub ilikuwa kuzikata na kuzipanga upya filamu hizo ili zikubalike kwa serikali na zieleweke kwa watazamaji. Aliandika pia maneno ya kusomwa kati ya picha, kwa kuwa zama zile zilikuwa za filamu bubu.

Miongoni mwa filamu zilizopita mikononi mwake ni kichekesho cha Charlie Chaplin kuhusu hadithi ya Carmen, na filamu ya Mjerumani Fritz Lang kuhusu mhalifu Dk. Mabuse. Hiyo ya Lang ilikuwa na sehemu mbili ndefu. Mwaka 1924 Shub aliifanya kuwa filamu moja yenye jina jipya. Aliyekaa naye mezani wakati wa kazi hiyo alikuwa kijana kutoka ulimwengu wa maigizo, Sergei Eisenstein, ambaye baadaye alipata umaarufu duniani kwa filamu "Meli ya Kivita Potemkin". Eisenstein alijifunza mengi kuhusu ukataji wa filamu katika chumba cha Shub, kabla hajakamilisha filamu yake ndefu ya kwanza.

Kazi hii ilimfundisha Shub jambo moja kubwa, nalo ni kwamba picha haina maana moja. Mtu anayecheka, akifuatwa na picha ya harusi, ni mtu mwema. Mtu yuleyule, akifuatwa na picha ya mazishi, ni katili. Sanaa ya kuchagua, kukata na kuunganisha vipande kwa namna hii huitwa montaji.

Kutafuta picha maghalani

Mwaka 1926 Shub aliwaza kutengeneza filamu kuhusu mwisho wa utawala wa kifalme bila kutumia waigizaji. Badala ya kuigiza historia, angeionyesha kwa picha zilizopigwa wakati mambo yenyewe yakitokea. Mwanzoni wakuu wake walisitasita. Baadaye walikubali, naye akasafiri hadi Leningrad (leo Saint Petersburg), mji uliokuwa makao ya Tsar.

Hali aliyoikuta ilikuwa mbaya. Mikanda ilikuwa imetupwa katika vyumba vya chini vyenye unyevu. Makopo mengi hayakuwa na maelezo ya nani alipiga picha, wapi na lini. Mikanda ya wakati ule ilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, kitu kinachoshika moto upesi na kuoza kikihifadhiwa vibaya. Picha zilizooza hazirudi tena, kwa hiyo kila mwaka uliopita sehemu ya kumbukumbu ya nchi ilikuwa ikipotea kimyakimya.

Kwa muda wa miezi miwili hivi Shub alitazama mita 60,000 za mkanda. Kwa mwendo wa mashine za wakati ule, hizo ni picha za zaidi ya saa 40. Alilazimika kutambua nyuso, majengo, sare za kijeshi na sherehe ili ajue kila kipande ni cha mwaka gani. Alichagua mita 5,200 akazipeleka Moscow, na kutoka hizo akajenga filamu ya mita 1,500 hivi. Pale ambapo picha hazikupatikana, alipiga picha za magazeti na hati za wakati huo.

Kati ya vitu alivyovipata kulikuwa na picha zilizopigwa na wapigapicha wa Tsar mwenyewe: Nikolai II na familia yake wakiwa katika ibada, gwaride, matembezi na mapumziko. Hazikuwa zimepigwa ili zitumike dhidi yake. Zilikusudiwa kumpendeza mfalme na kuhifadhi heshima ya nasaba. Wakulima na wafanyakazi, ambao ndio walikuwa wengi wa wananchi, hawakupigwa picha mara nyingi kiasi hicho, na ilibidi Shub awatafute kwa bidii. Hapo tunaona kanuni inayohusu kila hifadhi ya nyaraka: anayeimiliki kamera ndiye anayeamua nani akumbukwe.

"Kuanguka kwa Nasaba ya Romanov"

Filamu hii ilitolewa Machi 1927, miaka 10 baada ya Mapinduzi ya Februari. Inaanzia Urusi ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tunaona makasisi, magavana, wenye mashamba na viwanda, na sherehe za mwaka 1913 za kutimiza miaka 300 ya utawala wa nasaba ya Romanov. Kisha vinakuja viwanda vya silaha, vita, maiti na wakimbizi. Mwishoni Tsar anaondoka madarakani na umati unajaa mitaani.

Mfano unaotajwa sana wa ufundi wa Shub ni sehemu ya melini. Mabwana na mabibi wa tabaka la juu wanacheza dansi ya mazurka kwenye sitaha, na maandishi yanataja jinsi wanavyotoka jasho kwa kucheza. Papo hapo zinafuata picha za watu wanaofanya kazi nzito, nao wakitoka jasho. Hakuna aliyeigiza, wala hakuna picha iliyobadilishwa. Waliozipiga hawakufikiri kwamba siku moja zingewekwa pamoja. Ni mpangilio tu unaomfanya mtazamaji aone tofauti kati ya jasho la starehe na jasho la kazi.

Kwa njia hiyo Shub aligeuza kumbukumbu ya watawala iwe ushahidi dhidi yao. Ni muhimu pia kukumbuka kwamba filamu ilitengenezwa kwa ajili ya serikali mpya na ilibeba msimamo wake. Picha ni za kweli, lakini hoja ni ya mhariri. Mwanafunzi wa historia anayeitazama anapaswa kuuliza maswali mawili kwa pamoja: picha hii ilipigwa na nani na kwa nini, na imewekwa hapa na nani na kwa nini.

Mzozo kuhusu utunzi

Watazamaji waliipokea filamu vizuri. Shirika la filamu, wakati huo likiitwa Sovkino, halikuwa tayari kumtambua Shub kuwa mtunzi wake. Kwa mujibu wa utaratibu, mtunzi alistahili mrabaha, yaani malipo yatokanayo na maonyesho ya kazi yake. Hoja ya wakuu ilikuwa rahisi: hakuandika hadithi, hakushika kamera, hakuongoza waigizaji, alichofanya ni kuunganisha vipande tu.

Mayakovsky alilikosoa shirika hadharani mwaka 1927 kwa kumnyima Shub haki hiyo. Marafiki wa jarida la "LEF Mpya", ambalo Mayakovsky alikuwa mhariri wake, waliiona kazi yake kuwa mfano wa sanaa ya ukweli waliyoitaka. Kwao, kuchagua mita 1,500 kati ya 60,000 na kuzipa mpangilio wenye maana ilikuwa kazi ya akili, sawa na ya mwanahistoria. Naye mwanahistoria hakuyatengeneza matukio anayoyaandika, lakini hakuna anayemnyima jina la mwandishi.

Mzozo huo una upande wa jinsia pia. Kazi ya kukata na kugundisha mikanda ilihesabiwa kuwa kazi ya mikono, inayofanana na ushonaji, na katika studio za nchi nyingi walipewa wanawake. Majina yao mara nyingi hayakuandikwa popote. Yelizaveta Svilova, mhariri wa wakati uleule, alitafuta maghalani picha za Lenin zilizokuwa zimesahauliwa, lakini sifa nyingi zilimwendea mumewe, mwongozaji Dziga Vertov. Shub alikuwa mmoja wa wachache waliofaulu kuitoa kazi hiyo nyuma ya pazia na kuiwekea jina lake.

Filamu mbili zilizofuata

Mwaka huohuo wa 1927 Shub alitoa "Njia Kuu", kuhusu miaka 10 tangu Mapinduzi ya Oktoba. Alishangaa kukuta kwamba picha za miaka ya karibuni zilikuwa zimetunzwa vibaya kuliko za enzi ya Tsar. Nyingine zilikuwa zimekatwakatwa na kutumiwa ovyo katika filamu nyingine, na nyingine zilikuwa zimevuka mipaka. Katika kazi ya filamu hizi mbili, baadhi ya picha za mapinduzi zilibidi zinunuliwe kutoka Marekani. Shub alifanikiwa pia kupata picha za Lenin ambazo watazamaji hawakuwa wameziona.

Mwaka 1928, ilipotimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwa mwandishi Lev Tolstoy, alitoa "Urusi ya Nikolai II na Lev Tolstoy". Picha za Tolstoy zilizokuwapo zilikuwa chache mno, kwa kuwa mwandishi huyo alifariki mwaka 1910, filamu zikiwa bado changa. Shub hakujaza pengo hilo kwa mwigizaji mwenye ndevu bandia. Aliuzungushia uhaba huo picha za nchi aliyoishi Tolstoy: vijiji, makanisa, barabara na watu wa wakati wake.

Kwa filamu hizi tatu Shub alikuwa ameonyesha miaka 30 hivi ya historia ya Urusi kwa kutumia zaidi mikanda iliyookolewa maghalani.

Msimamo wake kati ya wenzake

Miaka ya 1920 waongozaji wa Kisovyeti walibishana sana kuhusu ukweli katika filamu. Katika filamu "Oktoba" ya mwaka 1928, Eisenstein aliigiza upya kutekwa kwa Jumba la Majira ya Baridi kwa kutumia watu wengi mno, na mfanyakazi aliyefanana na Lenin alipewa nafasi ya Lenin. Watu wa "LEF Mpya" walikosoa jambo hilo, wakiona kwamba mtu wa mfano hawezi kuchukua mahali pa Lenin wa kweli aliyebaki kwenye mikanda.

Vertov, kwa upande wake, alikataa waigizaji kama Shub, lakini alipenda kuvunja picha katika vipande vifupi sana na kutumia mbinu nyingi za kamera, kama inavyoonekana katika "Mtu Mwenye Kamera" ya mwaka 1929. Shub alichukua njia nyingine. Aliacha picha ikae muda wa kutosha ili mtazamaji aone uso, nguo na mwendo wa mtu, na aweze kufikiri. Aliiheshimu picha kama hati: unaweza kuiweka mahali papya, lakini usiiharibu. Tofauti hizi hazikuzuia urafiki, na aliendelea kuthamini kazi za wote wawili.

Sauti na miaka ya 1930

Filamu zenye sauti zilipoanza, Shub alikuwa kati ya wa kwanza katika nchi yake kuzitumia kwa mambo ya hali halisi. Filamu "K.Sh.E." ya mwaka 1932 inahusu vijana wa Komsomol na kazi ya kueneza umeme, pamoja na ujenzi wa bwawa kubwa kwenye mto Dnieper. Safari hii picha zilipigwa kwa maelekezo yake. Hakuficha vifaa: maikrofoni zinaonekana, na watu wanasikika wakisitasita na kukosea wanapozungumza. Katika mwanzo wa filamu kinasikika theremin, ala ya muziki ya umeme inayopigwa bila kuguswa.

Wakati huohuo serikali ya Stalin ilikuwa inabana sanaa. Majaribio ya miaka ya 1920 yalianza kushutumiwa kuwa ni kujali umbo kuliko ujumbe. Shub alipata heshima rasmi, ikiwemo cheo cha Msanii Mwenye Heshima wa Jamhuri mwaka 1935, na alifundisha montaji katika chuo cha filamu cha serikali huko Moscow, mahali alipofundisha Eisenstein pia. Lakini uhuru wa kuchagua nini cha kutengeneza ulipungua. "Nchi ya Wasovyeti" ya mwaka 1937 inasifu mafanikio ya miaka 20 ya mapinduzi. Ilitoka katika mwaka ambao watu wengi sana walikamatwa na kuuawa nchini humo, mambo ambayo filamu haiyaonyeshi. Mhariri aliyefichua walichoficha wapigapicha wa Tsar sasa alikuwa chini ya utawala ulioficha yake.

Filamu isiyotengenezwa

Kati ya mwaka 1933 na 1934 Shub aliandika mpango wa filamu iliyoitwa "Wanawake". Ilikusudiwa kufuata maisha ya wanawake tangu mwaka 1914 hadi wakati wake: kabla ya mapinduzi, katika vita na katika jamii mpya. Alitaka kuchanganya picha za maghalani na picha mpya, na kuweka katikati ya historia watu waliokuwa wakionekana pembeni tu. Mpango huo haukutekelezwa, umebaki maandishi. Watafiti wa filamu za wanawake wameurudia mara kwa mara, kwa sababu unaonyesha kwamba Shub aliliona pengo katika kumbukumbu za picha na alijua namna ya kuanza kuliziba.

Vita na miaka ya mwisho

Mwaka 1939 alikamilisha "Hispania", kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo. Maandishi yake yalikuwa ya Vsevolod Vishnevsky, na picha nyingi zilipigwa vitani na Roman Karmen na Boris Makaseev. Mwaka 1940, pamoja na mwongozaji Vsevolod Pudovkin, alitoa filamu kuhusu miaka 20 ya sinema ya Kisovyeti.

Ujerumani ilipoivamia nchi mwaka 1941, Shub aliingia katika kazi ya filamu za habari, na tangu mwaka 1942 alikuwa mhariri mkuu wa "Habari za Siku". Picha za vita zilifika mbichi kutoka uwanja wa mapigano. Yeye, aliyezoea kuokoa mikanda ya zamani, sasa alishughulika na mikanda ambayo ingekuwa kumbukumbu ya kesho. Gan alikamatwa mwaka 1941 na kuuawa mwaka uliofuata.

Mwaka 1947 ilitoka filamu yake "Ng'ambo ya Mto Araks". Miaka ya mwisho aliandika kumbukumbu za maisha yake. Alifariki Moscow tarehe 21 Septemba 1959, akiwa na umri wa miaka 65. Mkusanyiko mpana zaidi wa maandishi yake ulichapishwa mwaka 1972.

Urithi

Leo filamu za historia zinazotumia picha za zamani ni jambo la kawaida katika televisheni za nchi zote. Mmarekani Jay Leyda, aliyesoma katika chuo cha filamu cha Moscow miaka ya 1930, alimpa Shub nafasi kubwa katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu filamu zinazozaliwa na filamu nyingine. Nchini Ufaransa, Nicole Védrès alitumia njia kama hiyo katika "Paris 1900", filamu ya mwaka 1947 iliyojengwa kwa picha za mwanzoni mwa karne ya 20.

Tangu miaka ya 1970, watafiti na watengeneza filamu wanaotetea haki za wanawake wamemrejea Shub kwa sababu mbili. Kwanza, alionyesha kwamba picha iliyopigwa na mwenye nguvu inaweza kusomwa upya na yule asiyekuwa na kamera. Pili, historia yake inawakumbusha wahariri wengi wanawake ambao kazi yao ilitumika na majina yao yakaachwa. Makopo yale ya Leningrad hayakuwa na majina ya wapigapicha. Kama Shub na wenzake wasingedai haki yake, huenda filamu aliyoitoa humo nayo ingebaki bila jina la mtunzi.